Mwanafunzi Akitaka Kutafiti Usonji, Aanze na Sisi Watu Wazima

Msimu wa maonyesho ya sayansi ukikaribia, mlango wa maabara yetu haufungwi. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Dar es Salaam, na tangu Young Scientists Tanzania waanze maonyesho yao mwaka 2012, shule nyingi, hata zile ambazo hazijawahi kufika huko, zimezoea kuwapa vijana kazi za utafiti wao wenyewe. Mada nyingi ni zilezile: mwarobaini wa kufukuza mbu, mkaa wa vifuu vya nazi, kichujio cha maji cha ndoo mbili. Mwaka jana binti mmoja wa kidato cha tatu alileta usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na namna mtu anavyohusiana na wengine. Kwao kuna mtoto mwenye hali hiyo, mwana wa mama yake mdogo, na maswali aliyokuja nayo hayakutoka kitabuni.

Msimamo wangu juu ya miradi ya aina hii ni huu, na najua kuna walimu wenzangu hawaupendi. Mwanafunzi wa sekondari asitumwe kuwapima wala kuwahesabu watoto wenye usonji, kana kwamba ni panzi wa maabara. Kazi anayoiweza, tena pengine kuliko wengi wenye shahada, ni kutuchunguza sisi watu wazima tuliowazunguka watoto hao. Ila hawezi kuifikia kazi hiyo peke yake. Anahitaji mlezi wa kitaaluma, na kwa mada hii mlezi anayefaa ni daktari wa watoto.

Rasimu ya kwanza ya binti ilikuwa ya kupita nyumba kwa nyumba katika kata nzima, na dodoso refu la kuuliza nani ana mtoto wa namna gani. Nilimtafutia daktari wa watoto, mama mmoja wa maneno machache, akakubali kumwona Ijumaa mchana kliniki ikishaisha.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba, mwanangu. Hebu lete hizo karatasi."

Alizisoma zote bila kuinua uso. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari wa mshazari juu ya ukurasa mzima wa pili, ule wa dalili. "Umegonga hodi," akasema, "umemkuta mama ana mtoto wa miaka minne asiyesema. Umejaza fomu yako, umeshukuru, umeondoka. Yule mama umemwachia nini?"

Binti akatazama viatu vyake.

Kwa swali hilo moja daktari alishalipa gharama yote ya nauli yetu. Intaneti ingempa binti dalili zote, sababu zote, na uongo wote uliowahi kuandikwa juu ya usonji. Mimi ningemsaidia jedwali na grafu. Swali la umemwachia nini lisingetoka kwa yeyote kati yetu. Nchini utafiti wa afya unaogusa watu unahitaji kibali cha maadili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ndio wasimamizi wake. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Unaweza kumsomea kijana vifungu hivyo mpaka asinzie. Akiulizwa na mtu anayekaa na mama hao kila wiki, anaelewa papo hapo kwa nini vifungu viliandikwa.

Vikao vilivyofuata vilinishangaza, kwa sababu daktari alikuwa anafundisha hesabu zaidi ya utabibu. Binti alikuwa na hofu kwamba sampuli yake itakuwa ndogo mno na majaji watamcheka. Daktari akamweleza habari za idadi ndogo tatu.

Ya kwanza ni 11. Mwaka 1943, huko Baltimore, Marekani, daktari wa akili za watoto aitwaye Leo Kanner alichapisha maelezo ya watoto 11 waliofanana kwa namna ambayo vitabu vya wakati ule havikuieleza. Watoto 11 walitosha kuonyesha kwamba kuna jambo. Hawakutosha kueleza chanzo chake, lakini wataalamu hawakusubiri: kwa miaka mingi akina mama walibebeshwa lawama kwamba ubaridi wao ndio uliomharibu mtoto. Kilichoanza kuitoa lawama hiyo ni ushahidi, ukiwemo uchunguzi wa jozi 21 za pacha uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 1977, ulioonyesha kwamba urithi una nguvu kubwa katika usonji. (Yule mtoto wa kwanza wa Kanner, Donald Triplett wa Mississippi, alifanya kazi benki, aliendesha gari, alisafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Binti aliipenda habari hii kuliko zote, na namwelewa. Ukisoma mabango yetu utadhani watu wenye usonji hawakui.)

Ya pili ni 12. Hao ni watoto wa makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, ya mwaka 1998, iliyowatia watu hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inaleta usonji. Lancet, jarida la kitabibu lililoichapisha, liliifuta makala hiyo mwaka 2010, na mwaka huohuo mwandishi akaondolewa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Denmark walifuatilia watoto 657,461, wakachapisha matokeo mwaka 2019: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Hofu lakini haikufutwa pamoja na makala. Bado inasambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa yetu, mara nyingi kwa sauti ya mtu anayejiita daktari.

Ya tatu ni 20, na hii ni ya kwetu. Mwaka 2006 mtafiti Raymond Mankoski na wenzake walichapisha taarifa ya watoto 20 wa Tanzania. Kati yao, 14 walitimiza vigezo vya kitafiti vya usonji. Watatu walikuwa wamekua vizuri tu mpaka walipougua malaria kali, yenye homa ya muda mrefu na degedege, na usonji ukaonekana walipopata nafuu. Kwa wengine wanne malaria na usonji vilikaribiana, lakini waandishi wenyewe walisema huenda ni bahati mbaya ya wakati.

Binti alikaa wima. Mada si hiyo, malaria inaleta usonji? Nyumba gani ya Dar es Salaam haijawahi kuuguza malaria?

"Ndiyo maana," daktari akamjibu. "Kama kila nyumba imeuguza malaria, utamkuta kila mzazi wa mtoto mwenye usonji anakumbuka malaria. Na wa mtoto asiye na usonji je?"

Napenda sana namna taarifa ile ya watoto 20 ilivyoandikwa, kwa kuwa waandishi hawakuibebesha mzigo wa kuizidi. Wakefield alikuwa na watoto 12 akauacha ulimwengu mzima uingiwe na woga. Kijana wa miaka 16 akiuelewa umbali ulio kati ya makala hizo mbili, kwangu mimi mradi umeshafaulu, hata kabla hajakusanya jibu moja.

Usonji wenyewe daktari aliufundisha kwa dakika chache, tena bila mtoto yeyote chumbani. Alimgeuza binti kuwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, yeye akawa mama. Akanyoosha kidole juu: "Angalia pangaboi!" Binti akaangalia pangaboi, kisha akamrudia daktari usoni na kucheka.

"Umeona ulichofanya? Hukuangalia kidole changu. Umefuata kidole mpaka kwenye pangaboi, halafu ukarudi kwangu kuhakikisha tumeliona wote wawili. Mtoto asiyefanya hivyo, mama yake anajua kuna kitu. Anajua mapema mno. Tatizo hajui amwambie nani."

Kuhusu macho, akaonya. Vitabu vya nje husema mtoto asiyekutazama machoni achunguzwe, na sisi huku tunamfundisha mtoto ainamishe macho mbele ya mkubwa. Maswali ya nje hayahami na adabu zake. Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake wa Uganda walilishughulikia jambo hilo kwa vitendo: walichukua orodha ya maswali 10 ya kuchuja watoto wanaoweza kuwa na ulemavu ili wachunguzwe zaidi, wakaipanua ikawa 23 ili iguse usonji, wakaijaribu kwa zaidi ya watoto elfu moja wa Kampala na Wakiso, na kuchapisha kazi yao mwaka 2014. Ningetamani kila mwanafunzi wetu anayesema anataka udaktari alijue jina la mama huyu. Majina ya Wazungu anayo ya kutosha.

Basi kutoka dodoso refu, swali la binti likabaki moja: kati ya siku mzazi alipohisi jambo na siku alipoambiwa ni usonji, alipita wapi? Majibu yangetoka kwa watu wazima tu, waliokubali kwa maandishi, bila jina la mtoto wala mtaa. Kikundi cha wazazi wa kitengo kimoja cha elimu maalumu kilimpokea, na daktari alikaa naye siku ya kwanza.

Sitatoa asilimia kwa wazazi wachache namna ile. Nikifanya hivyo daktari atanitumia kalamu yake nyekundu. Nitasema nilichokisoma kwenye daftari. Mtu wa kwanza kuambiwa karibu hakuwa daktari kabisa. Alikuwa mama mkwe, wifi, jirani, dada wa saluni. Na majibu waliyopewa utadhani yalitungwa na mtu mmoja: watoto wa kiume huchelewa kusema, hata babu yake alisema akiwa mkubwa, mpelekeni akakatwe udata, ana kitu kimemkalia, aombewe. Wengine walifanya yote, moja baada ya jingine, wakilipia kila mahali. Watafiti wa Pwani ya Kenya waliozungumza na wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa walikuta hali kama hiyo, wakaichapisha mwaka 2015: watu hao hao wanataja majini na laana pamoja na maradhi na urithi, wanakwenda kwa mganga, kwa viongozi wa dini na hospitali. Siwacheki. Mzazi anayetapatapa anagonga kila mlango ulio wazi, na mlango wa hospitali si rahisi. Wataalamu wa tiba ya usemi wenyewe unawatafuta kwa tochi.

Lakini kuna mlango ambao karibu wazazi wote hao walikuwa wameshauingia, nao ni kliniki ya mtoto. Kwa ratiba yetu chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18. Madaktari wa watoto wa Marekani wanapendekeza kila mtoto achujwe usonji akiwa na miezi 18 na 24. Yaani chanjo ileile inayosingiziwa kuleta usonji ndiyo inayomfikisha mtoto mbele ya muuguzi katika umri hasa unaofaa kuuliza kama anafuata kidole. Na wazazi wa daftari lile walisimulia jambo lilelile: mtoto aliwekwa kwenye mzani, akachomwa sindano, kadi ikajazwa, "haya mama, uzito mzuri." Mmoja alitaka kueleza kwamba mwanawe haitiki akiitwa jina. Foleni nyuma yake ikaguna, akanyamaza.

Kwenye makaratasi hatuko vibaya. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na imeandikwa vizuri. Kazi iko kwenye ile dakika moja ya mzani.

Mwalimu mkuu alipouona mradi aliuliza kifaa kiko wapi. Hakikuwepo. Tumewazoesha vijana kwamba sayansi lazima iwake taa au itoe mlio, na nadhani wengi tunachagua miradi kwa macho. Wapo pia waliosema mada hii ni nzito kwa msichana wa umri ule, aachiwe akikua. Hawa nawajibu kwa daftari lenyewe. Wanaoambiwa mwanzo ni wifi, jirani na dada wa saluni. Binti huyu na wenzake darasani ndio hao, baada ya miaka michache tu. Mmoja wao ataambiwa na mwenzake kwamba mtoto haitiki, na atakachomjibu kitamchelewesha yule mtoto au kitamwahisha.

Kwa madaktari wa watoto nina ombi. Najua mmeelemewa. Hakuna anayewaomba kila wiki. Vikao vichache kwa mwaka vinatosha, mradi msimkabidhi kijana kazi ya kuwaingizia data zenu kwenye kompyuta na kuiita malezi. Mkatieni swali lake lililo kubwa mno, mfundisheni aombe ridhaa, mwonyesheni pangaboi.

Binti alimaliza kwa ukurasa mmoja wenye maswali manne mepesi ya kumuuliza mzazi wa mtoto wa miezi 18, yaliyopitiwa na daktari. Majaji wa shule walimpa nafasi ya katikati, si haba. Baadaye tukaupeleka ukurasa kwenye zahanati ya jirani. Muuguzi aliusoma, akasema maswali ni mazuri, kisha akaonyesha benchi lililojaa akina mama mpaka nje kwenye kivuli cha mwembe.

"Mdogo wangu, haya maswali manne yanachukua dakika ngapi kwa mtoto mmoja? Na akijibu vibaya, mimi nampeleka wapi?"

Binti yuko kidato cha nne sasa, na hayo maswali mawili ndiyo mradi wake wa mwaka huu.