Hao Wahugenoti mnaowasifu, shamba lilikuwa la nani?

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu, umefika hadi kwenye la ukoo wetu. Eti mwaka 1688 wakimbizi wa Kifaransa, hao Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, walishuka Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini ya leo, wakiwa hawana kitu, wakalima, wakapanda mizabibu, na leo Franschhoek ni bonde la matajiri. Wakati "wakimbizi wetu" wa Kigoma wamekaa tu wanasubiri mgao. Shemeji yangu mmoja akaongeza: "Fundisho kubwa hili."

Fundisho!

Nitoe kwanza haki yao, nisije nikaambiwa nina chuki. Walionewa, tena vibaya. Mfalme Louis XIV alipoifuta Amri ya Nantes, iliyokuwa inawaruhusu kuabudu, Oktoba 1685, makanisa yao yalibomolewa, wachungaji wakapewa wiki mbili wawe wameondoka Ufaransa, na waumini wa kawaida wakakatazwa kuondoka. Mwanamume aliyenaswa akitoroka alipelekwa kupiga makasia kwenye meli za mfalme. Watoto walibatizwa Kikatoliki wazazi wapende wasipende. Aliyekimbia hayo simcheki hata kidogo.

Ila hilo la "hawana kitu" ndilo linalonipandisha presha. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, VOC, iliwasafirisha bure. Ilikuwa inatafuta wakulima wa kulisha meli zake, na Gavana Simon van der Stel alikuwa na bonde la Drakenstein la kujaza. Walipofika, wakapimiwa mashamba. Mbegu na zana wakakopeshwa. Mwaka 1690 wakagawiwa pia fedha za mchango uliotoka kwa waumini wa Batavia (Jakarta ya leo), ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Na wote kwa pamoja hawakuzidi watu mia mbili hivi. Nionyesheni kambi moja huku kwetu ambayo familia ikishuka kwenye lori inapimiwa shamba la mizabibu kando ya mto, halafu tuendelee kupeana mafundisho.

Ujumbe unaruka na swali la mwenye bonde. Wakhoikhoi, wafugaji wenyeji wa Rasi, walikuwa wakichunga huko miaka na miaka. Walipigana na Waholanzi 1659, wakapigana tena kuanzia 1673, wakapoteza ng'ombe, kondoo na malisho, na yale malisho ndiyo yaliyokuja kugawiwa wageni "wasio na kitu". Mwaka 1713 ndui ilishuka na nguo chafu za mabaharia zilizopelekwa kufuliwa mjini Cape Town, ikafagia wengi katika waliobaki. Mashamba nayo, kadiri yalivyokua, yalitaka mikono, na mikono ilinunuliwa: watu wa Madagaska, Msumbiji, India na visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Utumwa ulifutwa kisheria 1834, lakini waliambiwa watumike miaka mingine minne kama "wanagenzi", yaani kazi ileile kwa bwana yuleyule. Ukitoka Franschhoek kuelekea Stellenbosch unapita Pniel, kijiji cha misheni kilichoanzishwa 1843 kwa ajili ya watu hao walioachwa huru. Hakuna anayetuma ujumbe wa kuwasifu watu wa Pniel kwa kujituma, na wao ndio waliopalilia.

Hata huo mvinyo wanapewa sifa isiyo yao. Jan van Riebeeck, mkuu wa kwanza wa Kampuni pale Rasi, alishaandika habari za mvinyo wa kwanza wa Rasi Februari 1659, Mhugenoti hajaonekana.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba nao walipoteza kitu. Mchungaji wao Pierre Simond alihangaika mpaka wakapata kanisa lao, na van der Stel akakasirika kweli. Mwaka 1701 Kampuni ikaagiza shule ifundishe Kiholanzi, na baada ya vizazi viwili hivi Kifaransa kikazikwa na wazee. Yakabaki majina: du Toit, Joubert, Malherbe, de Villiers. (Siku hizi Franschhoek kila Julai wanavaa bereti na kusherehekea Bastille, kutekwa kwa gereza la mfalme jijini Paris 1789, karne nzima baada ya babu zao kuikimbia nchi hiyo. Biashara ni biashara.) Mnara wao wa kumbukumbu ulizinduliwa Aprili 1948. Mwezi uliofuata D.F. Malan, wa uzao huohuo, akashinda uchaguzi kwa sera ya ubaguzi wa rangi. Hilo nalo ni fundisho?

Na Mei 2025 Makaburu 59, watu wa uzao wa Waholanzi na Wahugenoti hao, walipokewa Marekani kama wakimbizi, miezi michache baada ya mlango huohuo kufungiwa Wakongomani walioupigia foleni miaka mingi.

Anayetaka wakimbizi wa mfano asiende mbali hivyo, aende Katumba, Mishamo na Ulyankulu, hapa hapa Tanzania. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa mashamba pale, porini kabisa, hawana hata mtumwa mmoja. Wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na kufikia 1985 shirika la UNHCR likakabidhi makazi yale kwa serikali kwa sababu watu walikuwa wanajilisha wenyewe. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 wakapewa uraia. Serikali iliyogawa mashamba yale ni hii hii yetu, ambayo siku hizi Mrundi wa Nyarugusu akivuka mpaka wa kambi kwenda kulima kibarua, inamkamata.