Kabla ya kubomoa alichojenga mtangulizi

Abiria wa daladala za Kawe waliyazoea mapagale yale. Kuanzia mwaka 2018, majengo marefu ya makazi ya Shirika la Nyumba la Taifa yalisimama pale bila madirisha wala rangi, nondo zikiwa zimechomoza juu ya nguzo na kushika kutu kwa upepo wa chumvi unaotoka baharini. Mradi ulianza wakati wa Rais Jakaya Kikwete, ukakwama wakati wa Rais John Magufuli shirika lilipokosa kibali cha kukopa fedha za kuumalizia, na ukafufuliwa wakati wa Rais Samia Suluhu Hassan. Hakuna aliyeamuru ubomolewe. Ulizuiwa tu usiendelee, na hilo peke yake lilitosha kuwa hasara, kwa sababu zege lililoachwa wazi huchakaa, riba ya mkopo hailali, na mnunuzi aliyelipia chumba kabla hakijaisha hana wa kumrudishia miaka yake.

Huyakumbuka mapagale hayo kila ninaposikia mjadala unaoendelea Marekani. Mwezi Oktoba 2025 jengo la upande wa mashariki la Ikulu ya nchi hiyo lilivunjwa kwa uamuzi wa Rais Donald Trump ili kupisha ukumbi mkubwa wa dhifa, na wapo Wamarekani wanaotaka rais atakayefuata auondoe ukumbi huo mara tu atakapoingia madarakani. Naielewa hasira yao, kwani jengo la umma linapobomolewa kabla wenye nalo hawajaulizwa, kukasirika ni haki. Hata hivyo mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, mji uliojengwa, ukavunjwa na kujengwa tena kwa amri za viongozi wengi, na nimefika mahali pa kuamini kwamba kiongozi mpya anayetaka kutofautiana na mtangulizi wake hapaswi kuanza kwa kuita tingatinga.

Fedha iliyomwagwa kwenye msingi haikuwa ya kiongozi aliyeondoka. Ilikuwa yetu, au ilikopwa kwa jina letu, na deni lake halifutiki kwa sababu aliyelisaini amestaafu. Wananchi wa Mexico wanalijua hilo vizuri. Mwaka 2018 rais mteule Andrés Manuel López Obrador, kabla hata hajaapishwa, alitangaza kuufuta uwanja wa ndege wa Texcoco ulioanzishwa na mtangulizi wake Enrique Peña Nieto kwa makadirio ya zaidi ya dola bilioni 13, huku ujenzi ukiwa unaendelea. Alikuwa na sababu nzito: uwanja ulikuwa unajengwa kwenye ardhi laini iliyokuwa ziwa zamani, na wanavijiji wa pale walikuwa wameupinga kwa miaka mingi. Lakini hati za mkopo zilikwisha uzwa, na malipo yake yakaendelea kutoka kwenye ada za abiria wa uwanja wa zamani. Mtu anapanda ndege Jiji la Mexico leo akiwa anachangia uwanja ambao haupo.

Mwaka huohuo, huko Malaysia, Waziri Mkuu mpya Mahathir Mohamad aliikuta reli ya Pwani ya Mashariki aliyoiacha mtangulizi wake Najib Razak, nayo ilikuwa na harufu mbaya ya bei iliyovimbishwa. Aliisimamisha, watu wakadhani imekufa, kumbe alikuwa anarudi mezani na wajenzi wake Wachina. Aprili 2019 gharama ilishuka kutoka ringgit bilioni 65.5 hadi bilioni 44, na reli ikaendelea kujengwa. Huo ndio ufumuaji ninaouheshimu, wa kufumua bei na masharti huku kazi yenye manufaa ikisalimika.

Kwetu mfano ulio karibu na huo ni bandari ya Bagamoyo. Makubaliano yake yalisainiwa Machi 2013, Rais Xi Jinping alipotutembelea, na mradi ulitajwa kuwa wa dola bilioni 10. Mwaka 2019 Rais Magufuli alieleza hadharani masharti ya wawekezaji, yakiwemo ya kukabidhiwa eneo kwa miaka 99, akasema hayakubaliki. Juni 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Katika kukataa kule sioni kosa hata kidogo, kwa sababu kilichokataliwa kilikuwa bado karatasi, na karatasi ndiyo hatua ambayo kiongozi anaweza kubatilisha bila kumwaga jasho la watu. Kinachoniuma ni kwamba wananchi tulisubiri miaka sita, na masharti hayo hatukuyasikia bungeni wala hatukuyasoma popote. Tuliyasikia kutoka serikali iliyokuwa imeshaamua kuyakataa. Kama mkataba ungewekwa wazi mwaka 2013, ubishi ungefanyika mwaka 2013, na kaya zilizokuwa ndani ya eneo la mradi zisingekaa njia panda muda wote huo bila kujua kama wapande mnazi mpya au wafungashe.

Lipo bwawa pia, na hapa naandika kama mtu aliyelipinga. Niliona bwawa la Mwalimu Nyerere kwenye Mto Rufiji ni kosa, kwa kuwa eneo lake lilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982, na zabuni iliyotangazwa mwaka 2018 ilihusu ukataji wa miti zaidi ya milioni 2.6. Desemba 2018 mkataba ukasainiwa na kampuni za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Rais Samia alipoingia Machi 2021, miti ilikuwa imeshaanguka na tuta lilikuwa linapanda. Kusimamisha kazi siku ile kusingeotesha mti hata mmoja. Kungetuachia shimo kubwa katikati ya pori pamoja na deni la kulilipia. Maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na Februari 2024 mtambo wa kwanza kati ya tisa ukaanza kuzalisha umeme, wakati sisi wa Dar es Salaam tumechoshwa na mgawo.

Sisemi kwamba umeme huo unathibitisha nilikosea. Hoja zetu za mwaka 2018 zilikuwa za haki katika wakati wake, na zilistahili kujibiwa kwa takwimu badala ya kukemewa. Ninachosema ni kwamba bwawa likishasimama, swali linabadilika, na mpinzani mwaminifu naye hana budi kubadilisha swali lake. Leo nataka kujua maji yanafunguliwa kwa ratiba gani, mkulima wa mpunga wa bonde la chini anapata taarifa siku ngapi kabla, na mikoko ya delta inapata maji na tope la kutosha au inakauka taratibu. Mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 yalituonyesha kwamba maswali hayo yanahusu uhai wa watu, na hakuna hata moja linalojibiwa kwa kujua nani aliweka jiwe la msingi.

Hata hivyo ipo hali moja ambayo kubomoa ni wajibu, nayo ni pale ardhi yenyewe inapolikataa jengo. Mtu yeyote anayetoka Magomeni kwenda Kariakoo anaijua karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani. Iliwekwa bondeni, kwenye njia ya Mto Msimbazi, na tangu huduma ilipoanza Mei 2016 kila mvua kubwa imeleta picha ileile: barabara imefungwa, mabasi ya mamilioni ya fedha yamesimama ndani ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, na watu wanapanda kilima cha Magomeni kwa miguu wakiwa wameshika viatu mkononi. Mradi ule ulijengwa chini ya rais mmoja, ukaanza kazi chini ya wa pili, na mpango wa kuihamisha karakana pamoja na kuinua daraja la Jangwani, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022, umekuja chini ya wa tatu. Naunga mkono kuhama huko kwa moyo wote. Mto umekuwa ukisema jambo lilelile kila masika, na haujali aliyekata utepe.

Nadhani tunayafanya mambo kuwa magumu zaidi kwa kuipa miradi majina ya wakubwa wakiwa bado wanatawala au mara tu wanapoondoka. Uwanja ule wa watu 60,000 pale Temeke ulifunguliwa mwaka 2007, ukabaki kuwa Uwanja wa Taifa hadi mwaka 2020 ulipopewa jina la Rais Benjamin Mkapa aliyekuwa ameshafariki, na muda wote huo mashabiki wa Simba na Yanga hawakuhitaji kumpenda wala kumchukia mtu ili waingie. Daraja linalopita juu ya bahari kati ya hospitali ya Aga Khan na ufukwe wa Coco linaitwa Tanzanite. Jina la jiwe halina wafuasi, wala halina mahasimu wa kulipiza kisasi.

Nimeyafikiria haya kwa muda mrefu kwa sababu ya shangazi yangu. Alikuwa na nyumba Kimara, vyumba vitatu na sebule, aliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka tisa kwa fedha ya kuuza vitenge. Mwaka 2017, barabara ya Morogoro ilipotakiwa kupanuliwa kuelekea Kibaha, walikuja watu na kopo la rangi nyekundu, wakachora X ukutani chini kidogo ya dirisha la jikoni. Aliambiwa yumo ndani ya hifadhi ya barabara na kwamba hana cha kudai. Tulimsaidia kung'oa mabati, milango na fremu za madirisha, kwa kuwa kilichobaki kingesagwa. Leo barabara ile ni pana, njia nane, na mimi mwenyewe naifurahia ninapokwenda Mbezi.

Siku moja nilimuuliza kama angefurahi akija kiongozi mwingine na kusema upanuzi ule ulikuwa dhuluma, barabara irudishwe ilivyokuwa. Alinitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. "Mwanangu, barabara ikirudi, na nyumba yangu itarudi?"

Kwa hiyo kiongozi mpya anayeamini kwamba mtangulizi wake aliwaumiza watu, namsihi aache kuta zisimame na afungue majalada ya fidia. Apeleke mikataba bungeni isomwe, ajadili upya riba na bei, kisha aite kwa majina waliohamishwa bila kulipwa. Shangazi yangu ana bahasha ya kaki anayoitunza kabatini chini ya kanga. Ndani yake kuna hati ya mauziano ya kiwanja iliyopigwa muhuri na serikali ya mtaa, risiti za maji na umeme, risiti za kodi ya jengo alizolipa kila mwaka kwa nyumba ambayo baadaye aliambiwa haikustahili kuwepo, na picha moja ya ukuta wenye X. Hajaombwa kuionyesha bado.