Tundu la Chaji na Mchuzi wa Dagaa

Simu yangu ilitumbukia kwenye beseni la vyombo, na usiku huo tulikuwa tumekula ugali kwa dagaa wa mchuzi. Nikaiopoa, nikaifuta kwa kanga iliyokuwa kambani, nikachukua waya wa chaji.

Bibi akasema, "Mume wangu, si uianike kwanza?"

Bahati mbaya wiki ile nilikuwa nimesoma. Mwaka 2018 wanasayansi wa Manchester, Uingereza, walitangaza kwamba wamepima maji yaliyobanwa kwenye mianya ya takriban nanomita 1, yaani milimita moja ukiigawa mara milioni. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, hivyo ukiiwekea umeme hugeuka kuufuata. Ndiyo maana maji ya kawaida yana kiwango cha dielektriki, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyouitikia umeme, cha 80 hivi. Kwenye mianya ile kilishuka hadi 2! Nikamfafanulia bibi: ni kama abiria waliobanana kwenye basi la mwendokasi asubuhi, hata ukiitwa jina hugeuki. Basi maji ya kwenye tundu la chaji, tundu dogo vile, kwa umeme ni maiti.

"Haya, profesa," akajibu, akasogeza kigoda chake mbali.

Simu yenyewe ikaandika kuna unyevu, chomoa waya. Nikaipuuza. Simu inajua nini habari za Manchester? Ikalia "tsii", ukatoka moshi mwembamba na harufu ya dagaa walioungua.

Kesho yake fundi wa Kariakoo aliifungua, akanusa, akanitazama. "Kaka, uliikaanga?" Akanionyesha kutu ya kijani kwenye meno ya chaji. Molekuli kugeuka ni jambo moja, akasema, kupitisha umeme ni jingine, na chumvi ya mchuzi wako imepitisha vizuri tu. Nilipomtajia nanomita akachukua rula. Mwanya kati ya meno ulikuwa kama nusu milimita, yaani nanomita 500,000. Mle ndani molekuli zilikuwa na uwanja wa mpira na pa kuegesha magari.

Shilingi 25,000 zikaenda. Jioni nikasoma tena habari za maji yale, safari hii hadi mwisho. Kumbe ule ubishi wa molekuli kukataa kugeuka ni pale umeme unapovuka mwanya tu, ukuta hadi ukuta. Baadaye wanasayansi hao walipima kwa kufuata urefu wa mwanya, wakakuta maji yaleyale yaliyobanwa yanapitisha umeme zaidi kuliko ya kawaida. Nikaona hilo nisimwambie bibi.

Wala hakuuliza habari za simu. Alikuwa amesimama mlangoni na ile kanga mkononi, kanga aliyoiandaa kwa harusi ya Jumamosi, anainusa pole pole.