Kinga ya wazee na vidonge vya "kuongeza"

Vidonge vya "kuongeza kinga" wanavyouziwa wazee wetu vinanikera, na si kwa bei yake tu. Vinamwaminisha mzee kwamba chembe zake za kinga zimepungua, basi dawa ni kuziongeza. Kumbe sehemu ya tabu yake inatokana na chembe zinazokataa kufa.

Kufa ni kazi ya kila siku ya kinga. Neutrofili, chembe nyeupe zinazotangulia kufika penye jeraha, hufa kwa mabilioni kila siku hata ukiwa mzima. Kwenye tezi ya thaimasi, kifuani, zaidi ya asilimia 90 ya seli T changa, chembe nyeupe zinazotambua vimelea, hufia humohumo kwa kufeli mchujo. Seli hujivunja yenyewe kwa utaratibu, bila kumwaga vilivyomo ndani. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie walikiita kifo hicho apotosisi.

Uzee huvuruga utaratibu huo pande zote mbili, na hapo ndipo matangazo yanapokwama. Seli T ambazo bado hazijakutana na kimelea hufa kwa wepesi zaidi, na thaimasi iliyokwisha kugeuka mafuta haiwezi kuzifidia. Wakati huohuo seli T kongwe, hasa zilizopoteza CD28, kipokezi kinachozisaidia kuamka, baada ya miaka mingi ya kupambana na virusi vya saitomegalo, ambavyo hujificha mwilini maisha yote, zinagoma kufa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hizi hata jembe hazishiki. Zinajaza nafasi na kumwaga kemikali za mchochota. Sasa hicho kidonge kinaongeza zipi?

Halafu kuna mizoga. Mwaka 2020 watafiti wa University College London walieleza walivyotia malengelenge madogo kwenye ngozi za vijana na wazee waliojitolea. Kwa wazee, neutrofili zilizokufa ziliachwa palepale, kwa sababu makrofaji, ambazo kazi yake ni kuzila, zilipungukiwa na protini ya TIM-4. Wazee walipopewa losmapimod, dawa inayozuia p38, kimeng'enya kinachochochea mchochota, usafi ukarejea. Dawa ya kuzuia, jamani!

Simshauri mtu aitafute hiyo losmapimod. Mzee akiniuliza, nitamwambia aulizie chanjo. Mwaka 2009 Marekani iliidhinisha chanjo ya mafua kwa wenye miaka 65 na zaidi, yenye antijeni (vipande vya kirusi vinavyoamsha kinga) mara nne ya ile ya kawaida, kwa kuwa kinga ya umri huo huitikia kwa udhaifu.