Gitaa Jembamba Lenye Masikio

Gitaa kavu la kawaida, lile la kifua kipana ambalo wazee wa muziki wa dansi huliita galatoni, lina unene wa sentimita 10 hadi 12, na unene huo haumsumbui kijana mwenye tumbo bapa. Kwangu mimi hesabu ilikuwa tofauti. Kitambi changu, ambacho mama watoto hukitaja mbele ya wageni kuwa ushahidi wa mapishi yake, kilikuwa kimekwisha jichukulia nafasi mapema, na gitaa lilipokuja kukaa juu yake lilisukumwa mbele kiasi kwamba mkono wa kulia ulilazimika kulipanda sanduku, kulizunguka na kuzitafuta nyuzi upande wa pili kwa kupapasa. Kundi letu hupiga kwenye sendofu na harusi za Dar es Salaam, ambako wimbo wa kumwingiza bibi harusi hurudiwa mpaka wapambe wote wamalize kucheza, kwa hiyo bega langu lilikuwa likifa ganzi kabla hata keki haijakatwa.

Tatizo la pili lilikuwa fidibaki, ule mlio mkali wa spika unaojilisha wenyewe. Sanduku kubwa la gitaa hubeba hewa nyingi, na hewa hiyo ina mvumo wake wa asili ambao kwa magitaa ya kifua kipana huwa karibu na hezi 100, jirani kabisa na uzi wa tano, unaotetema kwa hezi 110. Spika ikitoa sauti ya eneo hilo, sanduku linaitikia, pikapu, yaani kinasa sauti cha gitaa, inaipeleka tena kwenye spika, spika inairudisha kwa sanduku, na kabla fundi mitambo hajaufikia mkono wa mikisa, ule mtambo wa kuchanganyia sauti, wageni waalikwa wamekwisha ziba masikio. Sanduku likipunguzwa unene, mvumo huo hupanda juu na hupungua nguvu. Unapoteza besi kidogo ukipiga bila umeme, lakini sijawahi kuona sendofu ya Dar es Salaam inayofanyika bila umeme na ikabaki na wageni.

Dawa ya yote mawili, basi, ilikuwa gitaa jembamba lenye pikapu ndani. Yamaha walianza kutoa magitaa yao ya APX mwaka 1987, na APX600 ina unene wa milimita 80 hadi 90 tu, pamoja na nyuzi zenye urefu wa kupigwa wa milimita 634, fupi kidogo kuliko kawaida, jambo ambalo vidole vyangu vililifurahia kabla hata ya kuligusa. Mimi nilikuwa na shilingi 350,000, nauli ikiwa humo humo. Bei ya APX na fedha zangu zilitazamana, zikaachana kwa heshima.

Nilikwenda Kariakoo nikiwa nimeongozana na mzee anayetupigia besi, ambaye alianza muziki wakati bendi za dansi zikiwa mali ya mashirika ya umma na ambaye hakiamini chombo chochote kilichotengenezwa baada ya hapo. Nilibeba betri mpya ya volti 9, waya wangu mwenyewe na futi ya fundi cherehani. Betri ilikuwa ya lazima, kwa sababu gitaa la aina hii bila betri hai huwa bubu kwenye spika, na ububu huo humpa muuzaji mahali pa kujificha: ukimuuliza mbona kimya, anakwambia ni jipya, ndiyo maana halijawekewa betri. Futi nayo ilikuwa ya lazima, maana kwa maneno ya kijana wa duka, magitaa yote yaliyoning'inia ukutani yalikuwa membamba.

“Bosi, unashona au unapiga?” aliniuliza nilipoanza kuivuta futi ubavuni mwa gitaa la kwanza.

“Mwache apime,” mzee alijibu kwa niaba yangu. “Akimaliza hilo apime na tumbo, tujue lipi libadilishwe.”

Gitaa la kwanza lilikuwa na sentimita 11, nikalirudisha ukutani. La pili lilikuwa jembamba kweli, lakini nilipoliinua na kuitazama shingo yake kutoka upande wa daraja, nikiwa nimefumba jicho moja, niliona imejikunja kiasi ambacho hakuna ufunguo wa kukazia chuma cha shingo ungeweza kuinyoosha. La tatu lilipita mitihani yote. Nyuzi zilikaa juu ya freti ya 12, kimoja cha vile vijichuma vinavyokatiza shingo, kwa kimo cha milimita mbili na nusu hivi, noti ya freti hiyo ilikubaliana na mlio wa kengele wa uzi uleule, ule unaotoka uzi ukiguswa kidogo tu bila kukandamizwa, ncha za freti hazikukwaruza kiganja, na nilipolichomeka kwenye spika ndogo ya dukani nyuzi zote sita zilitoka kwa nguvu iliyolingana, jambo ambalo kwa magitaa ya bei ya chini ni bahati, kwa sababu kipande cha pikapu kilicho chini ya daraja mara nyingi hukaa upande na kuusahau uzi wa kwanza au wa sita. Ubao wa mbele ulikuwa wa plaiwudi, nami sikulalamika. Wapenzi wa sauti nzuri huutukuza ubao mmoja mzima, na wana haki yao, lakini ubao mzima katika unyevu wa pwani huvimba, hupandisha nyuzi na kumrudisha mwenyewe kwa fundi kila masika; plaiwudi huvumilia, na kwenye ukumbi wenye spika kubwa haishtuki ovyo.

Mzee aliwasha tochi ya simu, akachungulia kwenye tundu, akakaa kimya muda mrefu.

“Kijana, humu ndani kuna kitu,” alisema. “Cheusi, kidogo, kimesimama juu ya waya.”

Nilichungulia na mimi. Kilikuwa na ukubwa wa kunde moja, kimevikwa sponji, na kimeshikwa na kiwaya chenye kujikunja ambacho kilikiinamisha kuelekea katikati ya tundu.

“Hiyo ni maiki, mzee wangu,” muuzaji alieleza. “Hii ina pikapu kwenye daraja na maiki ndani, halafu hiki kitufe kinachanganya. Ukisogeza huku ni daraja, ukisogeza kule ni maiki. Hii kitu inasikia, bosi. Inasikia sana.”

Kariakoo maneno ya namna hiyo huyapokea mtu kama anavyopokea salamu, kwa hiyo nilimwitikia na tukaingia kwenye bei. Alianza na 480,000, mimi nikaanza na 250,000, mzee akaanza kuelekea mlangoni, na tulipokutana tulikuwa kwenye 330,000 pamoja na mfuko na nyuzi za akiba. Nembo iliyokuwa kichwani mwa gitaa sikuwahi kuiona kabla na sijaiona tena. Jumla ya unene, kwa futi ya fundi cherehani, ilikuwa sentimita 8.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa sendofu katika ukumbi mmoja wa Sinza. Gitaa lilikaa juu ya kitambi kwa adabu, mkono ulifika kwenye nyuzi bila safari, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nikiviona vidole vyangu vikifanya kazi. Wakati wa kujaribu vyombo fundi mitambo aliusikiliza ule ukali wa plastiki ambao pikapu za daraja huwa nao, akakunja uso, akaja mwenyewe, akakisogeza kile kitufe cha kuchanganya mpaka mwisho wa upande wa maiki. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mbao, pana na ya karibu. “Usiguse tena,” aliniagiza. Akaniagiza pia nisiuchomoe waya wakati wowote bila kumwambia, kwa sababu waya ukichomolewa spika zikiwa wazi hutoa mshindo unaoweza kumwangusha bibi mzaa bibi. Muda wa hotuba ukifika, yeye mwenyewe ataifunga njia yangu kwenye mikisa. Nilikubaliana na kila neno.

Tulipiga vizuri. Tulimwingiza binti, tukawaingiza wazazi, tukaiingiza kamati, na fidibaki haikusikika hata kidogo. Kisha mshereheshaji akamkaribisha baba mkubwa wa binti kutoa nasaha, nasi tukakaa. Fundi mitambo, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa amepewa ruhusa ya kujipakulia mapema, aliliona pengo hilo na akaenda nyuma ya pazia kufuata kuku. Njia yangu kwenye mikisa ilibaki wazi.

Baba mkubwa alikuwa mtu wa kumbukumbu. Alianza na ukoo ulipohama milimani, akataja waliohama, akataja waliokataa kuhama na sababu zao, akawapokea wamisionari, na alipofika kwa Wajerumani alivuta kiti akakaa, nami nikajua hatutoki huko leo. Mahotipoti yalikuwa yamepangwa mita chache kutoka kwetu, na kila mhudumu alipofunua moja kuhakikisha kuwa moto wa chini haujazimika, harufu ya pilau ilipita kwanza kwa wanamuziki. Mimi nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nilikuwa nimelipakata gitaa, mgongo wake umelala moja kwa moja juu ya kitambi, na unene wa sentimita 8 ndio uliokuwa kati ya tumbo langu na tundu.

Ngurumo ya kwanza ilitoka kwenye spika zote nne. Ilianza chini, ikapanda, ikajizungusha ndani ya ukumbi na kufia karibu na meza ya wakwe. Watu walitazama dari. Mshereheshaji, ambaye kazi yake ni kutoacha kitu kipite bure, alidaka maikrofoni na kusema mvua ni baraka, watu wakapiga makofi, na jamaa mmoja wa meza ya kamati alitoka nje mbio kwenda kufunga vioo vya gari. Baba mkubwa alifurahi kuona mbingu zinamshuhudia, akaongeza sura moja kwa Wajerumani. Jamaa wa vioo alirudi akiwa na uso wa kutoelewa na kumnong'oneza jirani yake kwamba nje kuna nyota.

Ngurumo ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, na ilimalizia kwa kamlio kembamba ambako hakuna wingu linaloweza kukatoa. Mzee wa besi aligeuka, akalitazama gitaa, akalitazama tumbo. Mimi bado nilikuwa nikiutafuta mtambo wa jenereta kwa macho.

Hapo ndipo nilipomwinamia dada anayetuimbia, aliyekaa kushoto kwangu. Kwa gitaa langu la zamani nisingeweza kuinama hivyo, kwani sanduku lingenizuia kifuani. Hili jembamba lilinipisha vizuri, likaniweka kidevu juu ya bega lake na mdomo juu ya tundu.

“Dada,” nilinong'ona, na ukumbi mzima ukanong'ona pamoja nami, “huyu baba bado yuko kwa Wajerumani. Tukisubiri afike 1961, pilau litakuwa limeganda.”

Nimewahi kusikia ukumbi ukinyamaza kwa sababu umeme umekatika, na nimewahi kusikia ukinyamaza kwa dua, lakini ukimya ule ulikuwa wa aina yake. Uliendelea mpaka meza ya wakwe ilipopasuka kwa kicheko, na baada ya hapo haikuwezekana kumtofautisha mkwe na mzazi. Binti mwenyewe alijifunika uso kwa mtandio huku mabega yakitikisika. Baba mkubwa alisimama, akanitafuta kwa macho, akasubiri watu watulie, kisha akainua maikrofoni.

“Kijana wa gitaa,” alisema kwa upole, “Wajerumani nimewamaliza. Naomba dakika mbili tu za Mwingereza.”

Nilifungua mdomo kumwomba radhi, lakini tumbo lilitangulia kumjibu, kwa sauti iliyofika hadi jikoni. Fundi mitambo alitokea nyuma ya pazia akiwa na paja la kuku mkononi, akaruka waya mbili na kuifunga njia yangu kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na mafuta.

Watu wengi wamenishauri tangu siku hiyo niliuze lile gitaa, na sioni sababu. Lilifanya kila kitu ambacho muuzaji alisema litafanya, jambo ambalo Kariakoo si dogo. Baadaye niligundua kwamba tyuna, kile kifaa cha kusawazishia nyuzi kilichoko ubavuni, sentimita chache kutoka kwenye kidole gumba changu, ikiwashwa huikata kabisa sauti inayokwenda kwenye spika, kama ilivyo kwa magitaa mengi ya aina hii. Siku hizi hotuba ikianza tu naiwasha, na taa yake ya kijani huwafanya wageni wadhani mimi ni mpigaji makini anayezisawazisha nyuzi zake muda wote.

Baba mkubwa aliniletea sahani yeye mwenyewe usiku uleule, akakaa karibu nami mpaka nikaimaliza, na kabla ya kuondoka alituajiri kwa ajili ya sendofu ya binti yake wa kuzaa. Malipo ya awali yamekwisha pokelewa. Kifungu cha tatu cha makubaliano kinasema wanamuziki wapewe chakula kabla ya hotuba, na cha nne, alichokiongeza kwa kalamu yake mwenyewe, kinamtaka mpiga gitaa azime maiki zake zote, za nje na za ndani, hadi Mwingereza atakapoondoka.