Mfundisheni Dada Kwanza, Kisha Mzee

Daktari akishaiambia familia kwamba mzazi ana dimensia ya mwanzo, yaani kumbukumbu na akili vimeanza kudhoofika, mara nyingi mtoto mmoja hupitia Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya elektroniki jijini Nairobi, akanunua kishikwambi. Anakijaza michezo ya kunoa kumbukumbu, anamwonyesha mzazi Jumapili alasiri, na Jumatatu alfajiri yumo kwenye matatu kwenda kazini. Wiki mbili baadaye kifaa kiko juu ya kabati na familia inasema mzee amekikataa. Mimi siamini kwamba amekikataa. Alikwama siku ya kwanza na hakukuwa na wa kumkwamua, kwa sababu anayeshinda naye, awe mkewe au dada wa kazi, hakuonyeshwa chochote. Pengine hata nenosiri hakupewa.

Huyo ndiye wa kufundishwa kwanza. Ajue kuzima na kuwasha upya, kupandisha sauti, kuunganisha wifi stima zikirudi, na kurudi kwenye skrini ya mwanzo. Akiyaweza haya bila kumpigia mtu simu, mleteni mzee.

Kabla ya hapo, kiandaeni kifaa. Ondoeni kila alama ya programu kwenye skrini ya mwanzo, mbakishe tatu au nne kubwa. Kuzeni maandishi, zimeni arifa zote isipokuwa za simu, kisha ongezeni muda wa skrini kujizima hadi dakika 10 au zaidi, kwa maana skrini ikizimika katikati ya jambo yeye hudhani ameharibu kitu. Wazee wengi hubonyeza kwa nguvu na kukawia, na kifaa huelewa kwamba wanataka kuhamisha alama. Ndiyo maana alama ya WhatsApp "hupotea". Kwenye mipangilio ya kuwasaidia wenye shida ya kuona au kugusa, refusheni muda wa kubonyeza na kushikilia. Kama kifaa kinaruhusu, fungeni pia mpangilio wa skrini ya mwanzo. Vidole vikavu navyo husumbua: skrini haivihisi vizuri. Kalamu yenye ncha laini ya kugusia skrini hutatua hilo haraka. Na mvalisheni miwani yake ya kusomea. Hili husahaulika mno.

Sasa kufundisha. Chagueni jambo moja analolitaka yeye, tuseme kumwona bintiye kwa video. Mfundisheni asubuhi, mnamo saa nne, akiwa amekunywa chai na redio imezimwa, kwa lugha anayoiota. Kama ni Kikamba, iwe Kikamba. Mwambieni, "Mama, ukitaka kumwona Mwende, gusa picha yake." Muulizeni papo hapo afanye nini akitaka kumwona Mwende, naye ajibu na kugusa. Rudieni swali lile lile baada ya sekunde 30, kisha dakika 1, 2, 4, 8. Akikosea, mpeni jibu mara moja, alitamke na kulitenda, kisha rudini kwenye muda wa mwisho alioweza. Msimwache abahatishe. Kumbukumbu ya matukio ndiyo inayochakaa mapema, ilhali mazoea ya mkono hudumu zaidi, na mkono hauchagui: kosa likirudiwa nalo huwa mazoea. Ndiyo sababu "Si nilikuonyesha jana?" haisaidii kitu, na inaumiza.

Kupokea simu ya video ni kugumu kuliko kupiga. Skrini ikiwa imefungwa, WhatsApp ya Android humtaka atelezeshe kidole kwenda juu. Ikiwa wazi, humtaka aguse. Hizo ni kazi mbili tofauti kwake. Naona afadhali kwa miezi ya kwanza apige yeye, au dada ampokelee.

Michezo ya kunoa akili mimi ningeifuta. Mtu huwa stadi wa mchezo wenyewe, lakini dawa za asubuhi anazisahau vile vile. Nyimbo za ujana wake na picha za familia zenye majina zina faida iliyo wazi zaidi, hasa akizitazama na mtu.

Laini yenye M-Pesa isiingie humo kabisa. Wekeni laini ya data tupu au tumieni wifi, na duka la programu lidai nenosiri kwa kila ununuzi. Atakayepigiwa na tapeli akiombwa PIN anaweza kuitaja kwa nia njema kabisa.

Jioni, kuanzia saa kumi na moja hivi, wengi huchanganyikiwa zaidi; kifaa kiwekwe kando. Akianza kukasirika saa yoyote, vivyo hivyo, bila kubembeleza "mara moja tu ya mwisho".

Na dada wa kazi aongezwe mshahara. Kumfunza mgonjwa ni kazi mpya juu ya kufua na kupika, na saa anazotumia kujifunza kifaa chenyewe zihesabiwe kuwa saa za kazi, si mapumziko yake ya Jumapili.