Kabla ya bando, jua la Dodoma

Nina ugomvi kidogo na upinde wa mvua wa YouTube. Si kwamba ni mbaya. Ni mzuri mno, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: rangi saba zimepangwa kama vitenge dukani, muziki unapigwa, dada mmoja anazitaja kwa Kiingereza, dakika tatu zimekwisha. Binti yangu wa darasa la nne aliirudia video hiyo hadi akazikariri rangi zote kwa mpangilio. Nikamuuliza: upinde ukitokea, jua linakuwa upande gani? Akanitazama kama nimemuuliza bei ya saruji.

Mimi si mwalimu. Ni mzazi tu wa hapa Nkuhungu, naunga bando la wiki kama wengine, na vitu vya kufundishia watoto vilivyoko mtandaoni navipenda kwelikweli. Ila naona tunaanzia mwisho. Mtoto anapewa jibu kabla swali halijamwasha. Na kwa mtu wa Dodoma hiyo ni aibu zaidi, maana miezi na miezi mvua hatuioni, lakini jua tunalo la kumwaga.

Stoo yetu ina tundu kwenye bati. Fundi alikosea msumari, akaung'oa, akaacha mpasuko mwembamba kama punje ya mchele. Mchana mwali unashuka pale, na kwa vumbi letu hili unauona umesimama kama kamba. Sakafuni kuna duara la mwanga. Siku moja nilimpa binti yangu chaki alizungushie mstari. Tukakaa juu ya gunia la mkaa, tukasubiri. Haikuchukua muda.

"Baba, linatembea!"

Linatembea, ndiyo. Lakini kilichonisumbua mimi ni kingine: tundu ni mpasuko, mbona mwanga ni duara? Hapo sasa ndipo nilipotoa simu mfukoni. Kumbe lile duara si umbo la tundu hata kidogo. Ni picha ya jua lenyewe, tena iliyopinduliwa juu chini. Upana wake ni kama sehemu moja kwa mia ya umbali kutoka tundu hadi sakafu, kwa hiyo bati likiwa mita 3 juu, duara linakuwa na karibu sentimita 3. Binti akaleta rula ya shule. Tulipishana na hesabu kwa milimita chache, na sijui ni nani kati yetu alifurahi zaidi.

Nikakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa. Kule Rujewa, mkoani Mbeya, watu waliliona limebaki kama pete. Sisi huku tuliona limemegwa. Wengi tulikuwa tunagombania vipande vya filamu za eksirei tuangalizie, jambo la hatari ambalo nisingependa mtoto wangu alirudie. Wakati huo huo chini ya miarobaini ardhi ilikuwa imejaa hilali ndogondogo, kila upenyo kati ya majani unachora picha ya jua lililomegwa. Tulizikanyaga tu tukipita.

Mtu aliyeyachunguza haya kwa makini karibu miaka elfu moja iliyopita ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanyia kazi zake Cairo. Alitumia matundu na giza. Ni yeye aliyewapinga Wagiriki waliosema jicho hutoa miali ya kwenda kukigusa kitu. Akaonyesha kwamba nuru ndiyo inayokuja kwenye jicho. Muulize mtoto yeyote wa mtaani anaonaje. Wengi watakujibu kama wale Wagiriki.

Upinde wenyewe ulinitia adabu. Jumamosi moja saa saba mchana nilichukua chupa ya kupulizia maji, ile ya saluni ya mke wangu, nikamwita binti uani. Nikapuliza juu, nikapuliza mbele, mpaka chupa ikakauka. Hakuna kitu. Mama yake siku hiyo alikuwa anahesabu madumu, maana mgao wa maji ulikuwa umeingia siku ya tatu. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Usiku nikasoma. Jua lazima liwe mgongoni, na rangi zinakujia kwa pembe ya nyuzi kama 42 kuzunguka kivuli cha kichwa chako. Jua likipanda zaidi ya hapo, upinde unazama chini ya upeo wa macho. Kwa hiyo mimi saa saba nilikuwa naukimbiza mahali usipokuwepo. Kesho yake saa kumi na moja jioni tulielekea ukuta wenye kivuli, tukapuliza nusu chupa tu, ukatokea. Mdogo, kama mpini wa ndoo, lakini wetu. Tena kila mtu na wake: nikisogea hatua moja, nao unasogea pamoja nami.

Kuhesabu rangi ndiko kulikotugombanisha. Yeye anataka saba, mimi naona tano, labda sita. Newton mwenyewe, mwanasayansi aliyeichambua nuru kuwa rangi, alianza na tano, baadaye akazifanya saba akizilinganisha na noti za muziki. Kule angani hakuna mpaka. Na sisi waswahili tuna yetu: nyekundu, nyeupe na nyeusi tu ndizo zina sifa za asili, nyingine tumeziazima kwa vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda lenyewe. Chati za shule zinaandika "urujuani" na mtoto hajawahi kuonyeshwa kitu chochote cha urujuani. Mpeleke sokoni Majengo, atarudi na rangi nyingi kuliko hiyo chati.

Sitaki nionekane nawachukia watu wa mtandaoni. Michezo ya PhET, yaani majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye skrini, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ni ya bure, na unaweza kuipakua ukaitumia bando likiisha. Mmoja unakuruhusu kuuingiza mwali kwenye maji na kuugeuza polepole utakavyo, jambo ambalo kijiko kwenye glasi hakikuonyeshi. Sisi tulianza na kijiko kinachoonekana kama kimevunjika ndani ya glasi ya maji, ndipo tukafungua mchezo. Alikaa nao jioni nzima.

Halafu kuna simu yenyewe. Fungua ukurasa mweupe, dondosha tone dogo la maji juu ya kioo, uangalie ndani yake. Weupe wote ule unakatika kuwa vinukta vyekundu, vya kijani na vya bluu. Tukaweka picha ya ndizi mbivu. Binti akainama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Baba, njano haipo."

Haipo kweli. Ni nyekundu na kijani vimewashwa pamoja, macho yetu ndiyo yanayoongezea. Akakimbia kuleta rangi zake za maji, akachanganya nyekundu na kijani kwenye kisahani, akapata tope. Amekuja amenuna, anasema simu ni mwongo. Tangu hapo bado tunabishana.